Kumchagulia Mzazi Nyumba ya Kuuguzwa

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekaa Kedowa akifanya biashara. Mama yake alikwenda kumzuru, na huko huko akapatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea na ulimi umekuwa mzito. Hospitali imemtibu, na sasa yataka kumruhusu atoke. Mke wa ndugu yetu ana watoto wadogo wanne, wala hawezi kumwinua mtu mzima peke yake. Nduguze walioko Mombasa wamempelekea maneno makali, kwamba akimtia mama yao katika nyumba ya kuuguzia watu basi atakuwa amemtupa, na kwamba jambo hilo halijapata kutokea katika ukoo wao. Yeye auliza: Je, ni haramu? Na kama si haramu, nyumba hiyo ataichagua vipi?

Suala hili tumelisoma mbele ya wanafunzi wetu katika darasa, na tumeona kuwa si lake peke yake. Watu wetu wametawanyika bara tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na Kedowa ni kituo kimoja katika njia hiyo, baina ya Londiani na Kipkelion. Hapana mji wa bara usiokuwa na nyumba mbili tatu za watu wa pwani. Na ugonjwa hauchagui umri. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, karibu na hapo Kedowa, lori lilivamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Waliofariki tuliwasikia wakitajwa. Waliosalia na migongo na miguu iliyovunjika ni wachache waliouliza wanauguzwa na nani.

Kwanza twajibu lile la haramu. Twasema: Si haramu. Kilichoharamishwa ni kumtupa mzazi, na kumtupa mzazi kwawezekana hata ndani ya nyumba ya mwanawe mwenyewe. Tumeona kwa macho yetu wazee waliolazwa chumba cha uani, wameletewa sahani na mtoto wa kazi, na mwenye nyumba apita mlangoni asubuhi na jioni bila ya kuingia. Huyo hakutiwa katika nyumba ya wazee, lakini ametupwa. Aya ya 23 ya Sura ya 17, ambayo kila khatibu huisoma, yataja wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na yamkataza mtoto hata neno dogo la kuonyesha kuchoka. Haikusema kwamba mkono unaomgeuza mgonjwa kitandani lazima uwe wa mwanawe. Imesema juu ya moyo na ulimi, na juu ya dhamana.

Anayetaka dalili na aitazame Sira. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, katika vita vya Khandaki, Saad bin Muadh alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Saad hakuwa maskini wala mgeni. Alikuwa mkubwa wa kabila la Aus, ana jamaa na nyumba pale pale Madina. Lakini Mtume (s.a.w.) aliamrisha alazwe katika hema la Rufaida wa kabila la Aslam, lililokuwa msikitini, na bibi huyo alikuwa akiwauguza majeruhi. Sababu iliyopokewa ni kwamba Mtume alitaka awe karibu ili apate kumzuru. Tazameni mambo mawili yaliyomo humo. La kwanza, mgonjwa mwenye jamaa aliuguzwa na mtu asiyekuwa wa jamaa yake, kwa kuwa yeye aijua kazi hiyo. La pili, mahali palichaguliwa kwa ukaribu wa wenye kumzuru. Mambo mawili haya, ujuzi na ukaribu, ndiyo tutakayoyarudia katika somo hili zima.

Na Waislamu waliotangulia hawakuona haya kujenga nyumba za namna hiyo. Nuruddin alijenga yake Dameski mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Kairo mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu, na waliolazwa humo walikuwa matajiri na maskini, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Leo mtu wa mjini petu akisikia nyumba ya kuuguzia hudhani ni bidaa iliyoletwa na Wazungu! Kinyume chake, sisi ndio tulioiacha. Tuna wakfu wa misikiti na wa makaburi, na hata wa visima. Ni wakfu gani wa vitanda? Hili twawaachia wenye majumba yenye vyumba vitupu.

Jambo la pili, na hapa twawakemea jamaa zetu. Mtu akiamka mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki na maneno hayaeleweki, watu wetu wengi husema amepigwa na pepo au amerogwa, wakatafuta kombe na makafara. Siku tatu zapita. Kiharusi ni mshipa wa damu katika ubongo ulioziba au uliopasuka. Ikiwa umeziba, iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hufaa katika saa nne na nusu za mwanzo tu, wala haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha ijulikane kama ni kuziba au kupasuka, maana aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo humwangamiza. Kwa hiyo anayekaa mbali na mji mkubwa hana saa hata moja ya kupoteza kwa mganga. Na mtu wa namna hiyo asilishwe wala asinyweshwe kitu, hata hayo maji ya kombe, mpaka ijulikane kwamba koo lake lameza. Wengi waliokufa siku ya tano hawakufa kwa kiharusi, bali kwa uji ulioingia mapafuni.

Baada ya hatari kupita huja kazi ndefu ya kuurudisha mwili. Nafuu kubwa zaidi hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa mazoezi ya kila siku chini ya mtu aliyesomea: kukaa, kusimama, kushika kijiko, kutamka. Baada ya hapo nafuu huendelea, lakini kwa polepole. Hivyo basi, swali si nyumba au nyumbani. Swali ni: ni wapi mgonjwa huyu atapata mazoezi katika miezi hii mitatu?

Hapa lazima tueleze majina, kwa kuwa majina yamewapoteza wengi. Nchini Kenya, kibao kinachosema nasingihomu mara nyingi ni hospitali ndogo ya mtu binafsi: wanawake huzaa humo, wenye homa hulazwa siku mbili tatu, basi. Si mahali pa kukaa miezi. Na nyumba inayoitwa rihabu, hasa huku kwetu pwani, watu huifahamu kuwa ni ya vijana walioharibiwa na unga; hizo huidhinishwa na NACADA, na si mahali pa bibi aliyepooza. Kisha ziko nyumba za wazee. Nairobi iko Mji wa Huruma, huko Runda, na ile ya masista wa Kikatoliki, Kasarani. Iko ya Thogoto, Kikuyu, ya kanisa la PCEA. Unguja ziko za serikali, Sebleni na Welezo. Nyingi katika hizi zimewekwa kwa mzee asiyekuwa na mtu. Mwenye watoto wenye uwezo akiombewa nafasi humo, huenda akawa amemnyima mwenye kuistahiki. Kinachotafutwa na ndugu yetu ni kitu cha nne: mahali penye wauguzi usiku na mchana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, pa kukaa kwa muda uliowekwa. Mahali kama hapo ni pachache, na pengi pako Nairobi. Aliyeumia uti wa mgongo ana hospitali yake ya taifa, iko huko huko Nairobi.

Huko nyanda za chai hali ni kama ifuatavyo. Kericho iko hospitali ya rufaa ya kaunti. Londiani iko ya serikali iliyo ndogo kuliko hiyo. Bomet iko Tenwek, hospitali kubwa ya wamisheni iliyoanza mwaka 1937. Mashamba makubwa ya chai yana zahanati kwa wafanyakazi wao. Na tukisema mashamba, na akumbuke kila mwenye jamaa afanyaye kazi huko kuwa nyumba ya kambi ni ya kampuni: mtu hukaa humo kwa sababu ya kazi, na kazi ikiisha kwa ugonjwa au uzee, nyumba nayo huondoka. Wako waliopooza na kupoteza makao katika mwaka mmoja.

Wengine wameuliza kama yafaa kumlaza Mwislamu katika hospitali ya wamisheni. Yafaa. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwajiri Abdallah bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye hakuwa Mwislamu, akampa dhamana ya roho yake. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua alielekezwa kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Taif, ambaye wanavyuoni wamehitalifiana hata kama alisilimu. La wajibu ni kuuliza mapema, kwa adabu, juu ya chakula, juu ya mwanamke kuoshwa na mwanamke, na juu ya kuachiwa nafasi ya sala. Mgonjwa asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Muuguzi asiyekuwa Mwislamu hakosi ubinadamu wa kumletea mgonjwa udongo safi katika kisahani, akielezwa. Tatizo letu ni kwamba hatuelezi, kisha twalalamika.

Sasa twaingia katika namna ya kuchagua. Na tuanze na lililo kubwa: msichague nyumba kwa simu, wala kwa picha, wala kwa sababu mwenyewe ni rafiki wa fulani. Nendeni. Nendeni mara mbili, na ile ya pili msitoe habari. Nendeni saa ya chakula, mwone kama mgonjwa asiyeweza kushika kijiko amelishwa, au sahani imewekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa imejaa. Na mkiweza nendeni usiku, maana mchana kila nyumba ina watu. Ulizeni usiku wako wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, na mlihesabu jibu hilo kwa macho yenu.

Pua nayo ni shahidi. Harufu ya mkojo mara moja si kitu, kwani wagonjwa ni wagonjwa. Lakini harufu iliyoingia katika magodoro na kuta ni habari ya miezi. Tazameni visigino na kiuno cha waliolala siku nyingi, mkiruhusiwa na wenyewe. Asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa kila saa mbili, usiku na mchana, na asipogeuzwa nyama huoza penye mfupa. Vidonda hivyo vya kulalia havidanganyi. Nyumba yenye wagonjwa wengi wenye vidonda vilivyopatia humo ndani, msiitie mguu tena, hata kama ina bustani na sakafu ya marumaru. Bustani ni kwa ajili ya nyinyi mlipao.

Ulizeni vyeti, na msione haya. Kituo cha afya Kenya hupewa leseni na Baraza la Madaktari. Muuguzi huandikwa na Baraza la Wauguzi. Na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2014. Mtu aliyevaa koti jeupe asiyeweza kusema ameandikwa wapi, huyo amevaa koti tu. Ulizeni mpango wa mgonjwa wenu: mazoezi mara ngapi kwa juma, nani atapima presha, mgonjwa akizidiwa usiku atapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Ulizeni kama wagonjwa hufungwa kamba vitandani au hupewa dawa za usingizi ili wasisumbue. Ulizeni saa za kuzuru. Nyumba isiyotaka kuonwa ila Jumapili alasiri, ina jambo.

Juu ya fedha, takeni hesabu kwa maandishi: kitanda, chakula, mazoezi, nepi, dawa, kila kimoja mbali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na mahali pake pamekuja SHA. Ulizeni kama nyumba hiyo ina mapatano nayo, na juu ya kitu gani, maana kulipiwa siku za hospitali si kulipiwa miezi ya kuuguzwa. Mzee aliyetimiza miaka 70 akiandikwa katika Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini kwa nepi peke yake hazitoshi. Na deni lisipolipika, mgonjwa si rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi kwa ajili ya deni, kwamba kuwazuia kulivunja haki zao. Deni ni deni, na lipo juu ya dhima hata baada ya mauti, lakini hudaiwa kwa njia yake.

Ni nani wa kulipa? Hapa ndipo panapovunjika udugu. Mzazi akiwa na mali yake, huuguzwa kwa mali yake kwanza. Akiwa hana, nafaka yake ni juu ya watoto wenye uwezo, wala mwenye uwezo haondokewi na wajibu kwa kuwa anakaa mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Lakini mke wa mtoto hawajibiki kisheria kumwuguza mama mkwe wake. Akifanya ni ihsani yake, na apewe shukurani. Katika nyumba zetu mambo yamegeuzwa: mwana hutukuzwa kwa kumweka mama yake nyumbani, na anayeamka usiku mara nne ni binti wa watu, mwenye mtoto ziwani, ambaye hakuna aliyemwuliza. Ndugu wa Mombasa waliompelekea nduguyao maneno makali, twawauliza: mmetuma kiasi gani? Na ni nani kati yenu amepanda gari kwenda Kedowa?

Neno moja juu ya mali ya mgonjwa, maana tumeyaona mabaya. Mwenye kushika fedha zake na aandike kila shilingi iliyotoka, na awaonyeshe wenziwe kila mwezi. Wala asitiwe dole gumba katika karatasi ya nyumba au shamba na hali ulimi wake mzito na akili yake haijulikani imetulia au la. Hiba anayoitoa mtu katika maradhi ya mauti hukumu yake ni ya wasia. Haipiti thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi, na kwa mrithi haipiti ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Cheti kilichopigwa dole hospitalini mbele ya mtoto mmoja ni mlango wa kesi ya miaka ishirini.

Na kabla ya yote hayo, aulizwe mwenyewe. Kulegea kwa ulimi si kuondoka kwa akili. Wengi wenye kiharusi husikia na kufahamu kila linalosemwa juu ya vichwa vyao. Aulizwe maswali ya ndiyo na siyo, ajibu kwa kubana mkono.

Sasa twamrudia ndugu yetu. Mama yako, kwa habari ulizotupa, ana mabinti wawili na dada Mombasa, na jirani wa miaka arubaini. Kedowa ana wewe peke yako, na baridi ya mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambayo hakuizoea. Hata lugha ni jambo: bibi wa Mvita akisema kwa ulimi mzito kwamba ataka maliwato, muuguzi kijana wa huko, ambaye Kiswahili amekisoma chuoni, huenda asimfahamu mpaka shuka imeharibika. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba asikimbizwe kutoka leo. Waombe hospitali ya Kericho wakupangie mazoezi, na kama yuko karibu nawe muuguzi aliyeandikwa wa kumlipa aje nyumbani kila siku, mwajiri kwa muda, usimtwike mkeo. Katika wiki hizo nduguzo wazunguke Mombasa waitafute nyumba kwa njia tuliyoieleza, au wapange zamu katika nyumba ya mmoja wa mabinti, zamu iliyoandikwa kwa majina na siku. Wakishindwa kuandika zamu hiyo, ujue hawataifanya, na hapo mtafutie mahali Kericho, karibu na wewe utakayemzuru, wala maneno yao yasikusumbue.

Daktari akiruhusu safari, ni kama kilomita 700. Usimpandishe basi la usiku. Mpeleke Nairobi kwa gari linaloweza kusimama, alale huko usiku mmoja, kisha apande treni ya Mombasa, ambayo tangu mwaka 2017 huchukua kama saa tano, naye mtu wa kumgeuza na kumnyanyua kitini awe pamoja naye njia nzima. Chukua barua ya hospitali, picha ya kichwa, na dawa za wiki mbili. Wenye kumpokea stesheni wawe wawili wenye nguvu, na kiti cha magurudumu kiwe kimekwisha kupatikana, si cha kuanza kutafutwa siku hiyo.